Shangazi, bega linachomoka nikijitwika ndoo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 29, naishi Chikongola hapa Mtwara mjini, lakini kwetu hasa ni Newala. Toka utotoni naitwa Mpira. Shuleni nilikuwa nalaza kidole gumba mpaka kinagusa mkono, navirudisha vidole nyuma, wenzangu wanapiga kelele na kunihonga maembe niwaonyeshe tena. Kwenye ngoma ndio usiseme. Nikiingia kwenye sindimba lazima nimalizie kwa kujipinda kwa nyuma, naokota noti chini kwa mdomo, watu wanatunza.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza mambo yakageuka. Nyonga zikaanza kuuma, nikitembea nazisikia zinapwaya. Mtoto wa pili ikawa balaa. Mguu unateguka hata kwenye njia iliyonyooka. Mwaka jana mwezi wa tisa nilikuwa bombani najitwika ndoo ya lita 20, bega la kulia likachomoka. Nilisikia "ko!" Maji yote yakanimwagikia, na bega likarudi lenyewe nikiwa bado nimekaa kwenye tope. Kuanzia hapo limetoka mara nne. Mara ya mwisho nilikuwa navaa blauzi tu.

Nilipigwa picha hospitali, nikaambiwa mifupa mizima, nikapewa dawa za maumivu. Mama mdogo akanipeleka kwa mzee anayechua. Alilivuta lile bega kwa nguvu zake zote, wiki nzima sikuweza kufua. Mama mkwe wangu anasema hajawahi kuona ugonjwa unaokuja wakati wa kazi na kuondoka wakati wa ngoma. Maneno hayo yananiuma kuliko bega.

Mwaka huu nikakutana na daktari mwingine. Akaniambia nikunje gumba, ninyooshe viwiko na magoti, niiname niguse sakafu kwa viganja. Akahesabu, nikapata 8 kati ya 9, kiwiko kimoja tu ndicho kilichokataa. Akasema viungo vyangu vinanyumbulika kupita kiasi, akaniandikia fiziotherapia. Nilienda mara mbili. Shangazi sikufichi, niliona wananichezea. Nimelipa bajaji kwenda na kurudi, naambiwa nilale chali, niweke taulo lililoviringishwa chini ya goti, nilikandamize, nihesabu mpaka tano. Basi! Nikaacha. Rafiki yangu akanipeleka gym ya mtaani. Mwalimu akasema mwili umekaza ndiyo maana unauma, akanivuta miguu, akaninyoosha mikono nyuma. Siku ile nilijisikia mwepesi kama karatasi. Kesho yake sikuinuka kitandani mpaka adhuhuri.

Sasa niache mazoezi moja kwa moja? Msimu wa korosho ndio huo unakuja na mimi nabangua, gumba linaniuma mpaka usiku. Halafu nikisimama ghafla naona giza. Binti yangu wa miaka 7 naye anakunja vidole kama mimi, je nimkataze kucheza rede? Na mdogo wangu anaolewa Desemba huko Newala, wote wanasubiri nicheze. Niambie ukweli.

Mpira, Chikongola

---

Marahaba mwanangu,

Nimecheka kidogo nilipofika kwenye taulo, unisamehe. Nimefanya kazi ya fiziotherapia huku Kusini mpaka nywele zimegeuka rangi, na hilo taulo limenikimbizia wagonjwa wengi kuliko nauli ya bajaji. Kosa ni letu pia. Tunampa mtu zoezi bila kumwambia ni la nini wala linaelekea wapi, naye anaona anachezewa. Nitakueleza.

Jibu la swali lako kubwa ni hapana, usiache mazoezi. Uache kuvutwa. Ni vitu viwili tofauti, na mwalimu wako wa gym amevichanganya.

Siku ukipita Mikindani yatazame majahazi. Mlingoti hausimami kwa sababu ni mti mnene, unasimamishwa na kamba zilizokazwa huku na huku. Viungo vyako navyo vimefungwa kwa kano, zile kamba zinazoshika mfupa na mfupa. Kano zimetengenezwa kwa kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoupa mwili uimara, na kwa watu kama wewe kolajeni hiyo inavutika zaidi ya kawaida. Kamba zimelegea. Sasa nani anaushika mlingoti? Mabaharia, kwa mikono. Hao ni misuli yako. Inashika mchana kutwa kazi ambayo si yake, ukiwa umesimama bombani, ukiwa unafua, hata ukiwa umekaa. Ndiyo maana unachoka kabla ya wenzako, na ndiyo maana misuli yako imekaza. Mwalimu hakukosea kuiona imekaza, ila hakujiuliza inashika nini. Alipoivuta ikaachia, ukajisikia mwepesi. Usiku mlingoti ukayumba, na asubuhi ukalipa.

Ujauzito nao uliongeza lake. Homoni za mimba hulegeza kano ili nyonga zipitishe mtoto, na kwa mwenye kano zilizolegea tangu mwanzo hilo huonekana zaidi. Wanawake wengi wanaokuja na hadithi kama yako huanzia hapo hapo.

Kile kipimo cha pointi 9 kinaitwa Beighton, kwa jina la Peter Beighton, daktari aliyefanya kazi Afrika Kusini. Yeye na wenzake walikitoa mwaka 1973 baada ya kupima viungo vya wanakijiji wa huko huko Afrika Kusini, kwa hiyo usidhani ni ugonjwa wa Wazungu ulioletwa kwa meli. Vidole vidogo viwili, magumba mawili, viwiko viwili, magoti mawili, na kuinama mara moja. Mtu mzima ambaye hajafika miaka 50 anahesabiwa mlegevu akipata 5 au zaidi. Ila ulegevu peke yake si ugonjwa. Wapo wengi wenye 7 na 8 ambao hawajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha maumivu, wengine ndio wachezaji wazuri wa ngoma. Ugonjwa unakuja pale viungo vinapouma, vinapochomoka na kuharibu kazi za mtu. Daktari wako anaweza kukuambia uko kwenye kundi la watu wenye matatizo ya ulegevu wa viungo, au akataja Ehlers-Danlos, ugonjwa wa kolajeni uliopewa jina la madaktari wawili, mmoja wa Denmark na mwingine wa Ufaransa, walioandika habari zake mwanzoni mwa karne iliyopita. Uainishaji wa mwaka 2017 umeorodhesha aina 13 za Ehlers-Danlos, na ile inayoonekana sana, ya viungo kulegea, haina kipimo cha damu mpaka leo. Picha nayo inaonyesha mfupa, haionyeshi kamba iliyolegea. Kwa hiyo waliokuambia mifupa mizima hawakusema uongo, na wewe uliyesema inauma hukusema uongo.

Turudi kwenye taulo. Kiungo kilicholegea kina hasara nyingine isiyoonekana, nayo ni kwamba hakijui vizuri kiko wapi. Wewe mguu unakuteguka njia iliyonyooka kwa sababu habari inachelewa kufika kichwani kwamba kisigino kimelala vibaya. Unapokandamiza taulo kwa goti, unawafundisha wale mabaharia wa mbele ya paja kukaza pale pale, goti likiwa limepumzika, bila kulipeleka mwisho wake. Ni darasa la kwanza. Tatizo ni kwamba ukaliacha darasa la kwanza ukaenda kufanya mtihani wa kidato cha nne gym.

Fanya hivi leo. Simama mlangoni, shika kizingiti. Nyoosha goti mpaka mwisho kama unavyosimama siku zote. Angalia chini, utaliona limerudi nyuma, mguu umejipinda kama upinde. Sasa lirudishe mbele kidogo tu, kiasi cha unene wa kidole. Utasikia paja linashtuka na kuanza kufanya kazi. Hapo ndipo pako. Hapo katikati, si mwisho, ndipo goti lako linatakiwa kuishi: bombani, jikoni, kwenye foleni ya daladala. Utasahau mara mia kwa siku, utakumbuka mara mia na moja. Kiwiko nacho ni hivyo hivyo, usikiegemee kikiwa kimefungwa mpaka mwisho.

Ukilizoea hilo, ongeza kukaa na kuinuka kwenye kiti bila mikono, polepole, magoti yakitazama vidole vya miguu, yasikimbiliane. Mara 5, pumzika, mara 5 tena. Wakati uji unachemka, simama mguu mmoja karibu na ukuta ukihesabu mpaka 20, halafu wa pili. Ukiweza bila kuyumba, fumba macho, utashangaa. Kwa bega, simama pembeni ya ukuta, kiwiko kimekunjwa na kimebana ubavu, sukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja bila mkono kusogea, hesabu mpaka 5, mara 10. Geuka, sukuma kwa upande wa ndani. Bega halitembei, linakaza tu. Wiki tatu nne likitulia, nenda kwa fundi baiskeli ukaombe mpira wa ndani uliochoka, ufunge kwenye nguzo ya kibaraza, uuvute kwako kama unapiga kasia, viwiko viishie ubavuni. Mpira huo ni bure na unafanya kazi ileile ya ile ya rangi rangi inayouzwa madukani.

Fanya siku moja, pumzika siku moja. Misuli kuuma siku moja au mbili ni ada yake. Kiungo chenyewe kikiuma zaidi ya kawaida yako kesho yake, punguza nusu, lakini usiache. Nakufahamu bila kukuona: siku ukijisikia vizuri utafua nguo za wiki nzima, utasuka, utabeba maji ya jirani, halafu siku tatu kitandani. Mtindo huo ndio unaowarudisha nyuma wenzako wengi. Siku nzuri fanya kidogo kuliko unavyoweza, siku mbaya fanya kidogo kuliko hakuna.

Na usidhani utabaki na vizoezi vya kitoto maisha yako yote. Zamani hata sisi tuliogopa kuwapa watu wenye viungo vilegevu uzito. Huko Denmark watafiti walichukua watu 100 wenye mabega yanayolegea, wakawagawa, wengine wakanyanyua vizito hasa, wengine vyepesi, kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: waliobeba vizito walitumia mabega yao vizuri zaidi, ingawa misuli iliwauma zaidi njiani. Lakini walikuwa na msimamizi na walipanda ngazi moja moja. Kwa hiyo rudi fiziotherapia, ulizia Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, na ukifika sema wazi: "Nyumbani nabeba ndoo ya lita 20 na nabangua korosho, nataka mnifikishe huko." Kama nauli ni tatizo, omba upewe mazoezi ya mwezi mzima na tarehe ya kurudi. Hakuna aibu kwenye hilo.

Ndoo sasa. Lita 20 ni kilo 20, na ubaya hauko kwenye kuibeba, uko pale unapoirusha kichwani: mkono umepanda juu, kiganja kimerudi nyuma, uzito wote unaning'inia kwenye bega. Ndio mkao ambao bega linapenda kutokea mbele, na blauzi ya kuvutia kichwani inakupeleka huko huko (nunua za vifungo, au ingiza mkono mbovu kwanza). Kwa miezi hii usijitwike. Kuna anayekutwisha pale bombani, mwambie; ukifika nyumbani kuna wa kukutua. Ukiwa peke yako, panga matofali mpaka usawa wa kifua, weka ndoo juu yake ikiwa tupu, jaza kwa jagi, halafu ingia chini yake kwa kukunja magoti. Au beba ndoo mbili za lita 10 kwa safari mbili. Shingo yako nayo ni kiungo, itakushukuru.

Kwenye korosho, gumba lako linaumia kwa sababu kila unapobana linajikunja kwa nyuma. Zungushia mpini wa kifaa unachobangulia kipande cha ule mpira wa baiskeli mpaka unene, kadiri mpini unavyokuwa mnene ndivyo gumba linavyobana kidogo. Kila nusu saa inuka hata kama mwenzako anakutazama vibaya. Kaa kwenye kigoda, usikae kwenye mkeka miguu ukiwa umeitupa pembeni.

Mzee anayechua, kama anapaka mafuta na kukanda misuli taratibu, mwache akukande, unastahili. Kuvuta kiungo, hapana. Siku bega likitoka na kukataa kurudi, au mkono ukifa ganzi au kubadilika rangi, usimpitie yeye wala mtu mwingine, nenda hospitali moja kwa moja ukiwa umeufunga kwa khanga kifuani. Kiungo kikivimba na kuwa cha moto pamoja na homa, vilevile. Na kama kwenu wapo warefu sana wenye vidole virefu na macho mabovu, au kuna aliyefariki ghafla kwa moyo au mshipa, mwambie daktari, kwa sababu upo ulegevu unaoambatana na moyo na mishipa, nao una matibabu yake.

Giza unaposimama huwapata wengi wenye mwili kama wako, damu inachelewa kupanda. Inuka kwa vituo: kaa kwanza, pigapiga nyayo, ndipo usimame. Kunywa maji kutwa nzima, usisubiri kiu, Mtwara yetu hii ina jua. Mazoezi ya kulala chali yanakufaa zaidi siku hizo (taulo limerudi!). Lakini upimwe presha na wingi wa damu kwanza, maana mama aliyejifungua mara mbili anaweza kuwa na upungufu wa damu tu, na hapo dawa ni nyingine.

Ukipata nafasi ya bahari, itumie. Tembea majini yakikufika kiunoni, maji yatakubeba nusu ya mzigo na kukushika pande zote. Ukitembea ufukweni Shangani, chagua wakati maji yamekupwa, upite kwenye mchanga mgumu wenye unyevu. Mchanga mlaini wa juu utakutegua mguu.

Binti mwache acheze rede, netiboli, akimbie, apande mwembe. Watoto wengi ni walegevu na hukaza wakikua, na misuli ndiyo itakayomlinda. Asiumie tu na asifanywe maonyesho. Akianza kulalamika magoti usiku au kuteguka mara kwa mara, mlete apimwe.

Mama mkwe simlaumu sana. Anaona mtu aliyecheza ngoma jana leo hawezi ndoo, na yeye kabeba maji uwanda wa Makonde tangu akiwa msichana. Usibishane naye kwa maneno. Mpeleke siku moja fiziotherapia, asikie kwa mtu mwingine, na siku hiyo mwombe akutwishe ndoo. Mkwe akiombwa msaada mbele ya watu mara nyingi huwa mtetezi.

Swali la harusi ya Desemba nimeliacha liwe la mwisho makusudi. Cheza. Hebu jiulize sindimba inachezwaje: magoti yamekunjwa kidogo, mwili umeshuka, nyayo zimeshika ardhi, kiuno ndicho kinachosema. Goti halijafungwa hata kidogo. Ule mkao niliokuhangaisha nao mlangoni, bibi zako walikufundisha kabla mimi sijasomea kazi hii. Kwa hiyo ukikandamiza taulo na kuinuka kwenye kiti kuanzia sasa, unafanya mazoezi ya harusi. Cheza ngoma moja, kaa moja, kunywa maji, ingia tena. Noti zikitupwa chini, mdogo wako mwingine aziokote kwa mkono.